Timu ndogo ya mbio za magari inaishije msimu mzima (jibu refu, kaa kitako)

Mkuu mleta mada, umeuliza timu ndogo ya mbio, ya gari moja au mbili, inaishije msimu mzima, mbio za ridhaa na za kulipwa zinapishana wapi, na fundi anaambulia nini. Wachangiaji wa juu wamekujibu kwa mfano wa Formula One, ambako timu ina mamia ya watu. Huko mimi sipajui. Ninakokujua ni ngazi ya chini kabisa. Nipo Georgia, Marekani, kazi yangu ya kila siku ni gereji, na wikiendi nimekuwa fundi wa timu ndogo ya Mazda Miata (kigari cha spoti cha viti viwili, jina lake jingine MX-5) iliyoanzia mbio za ridhaa za SCCA, chama cha mbio za magari ya spoti cha Marekani, ikapanda hadi Mazda MX-5 Cup, ambayo ni ya kulipwa. Kuna msimu tulikimbia zote mbili kwa pamoja, na huo ndio nitauzungumzia. Jina la timu nalihifadhi, mzee mwenye timu hapendi mambo ya mitandaoni.

Kwa ndugu zangu mliozoea Safari Rally: kwenye rali gari zinaachiwa moja moja, unashindana na saa na vumbi la Naivasha. Hizi za kwetu ni njia ya lami iliyofungwa, gari zinaachiwa zote kwa mpigo na zinasuguana mabega mpaka mwisho.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo wengi mnapopotea. Mpira umetuzoesha kwamba mchezaji analipwa na klabu. Kwenye magari ya spoti mara nyingi dereva ndiye anayeilipa timu, hata kwenye mbio zinazoitwa za kulipwa. FIA, shirikisho la mbio za magari la dunia, inawagawa madereva madaraja manne: Platinum, Gold, Silver na Bronze. Bronze kwa kawaida ni mtu mwenye shughuli zake, daktari, mwanasheria, mfanyabiashara, aliyeanza mbio ukubwani na mfuko wake unaruhusu. Kwenye ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, ule wenye saa 24 za Le Mans ndani yake, kila gari ya daraja la LMGT3 lazima iwe na Bronze mmoja. Huyo Bronze ndiye anayeleta hela, hela hiyo inamlipa dereva wa daraja la juu anayepokezana naye usukani na kumfundisha, na inayobaki inatulipa sisi wenye mikono ya grisi. Wala msiwadharau hawa matajiri. Paul Newman, yule mwigizaji, alianza mbio akiwa mtu mzima na jina lake tayari kubwa. Akachukua ubingwa wa taifa wa SCCA mara nne, mwaka 1979 akawa wa pili kwa jumla Le Mans na Porsche 935, na mwaka 1995, akiwa na miaka 70, alikuwa kwenye gari iliyoshinda daraja lake saa 24 za Daytona.

Kwa hiyo timu ndogo kama yetu, ukiondoa maneno, inakodisha viti. Mzee ana gari, ana trela, ana mafundi. Dereva anakuja na helmeti yake na ovaroli yake, analipia wikiendi nzima, tairi na mafuta juu yake, na akiigonga gari anailipia pia. Zawadi za ushindi zipo, ila hakuna mwenye akili anayeziweka kwenye bajeti.

Sasa ridhaa. SCCA ni chama cha tangu 1944. Kinachoshangaza wageni ni kwamba karibu kila unayemwona uwanjani anafanya kazi kwa kujitolea: anayepeperusha bendera konani, anayepima uzito wa gari, anayekupangia sehemu ya kuegesha. Daraja letu lilikuwa Spec Miata, yaani Miata za miaka ya 1990 hadi 2005, injini za lita 1.6 au 1.8, na wote mnatumia springi, shokapu na tairi za aina moja. Hakuna anayemzidi mwenzake nguvu kwa maana ya nguvu. Mtu anashinda kwa kutokanyaga breki pale ambapo mwenzake amekanyaga.

Gharama? Ada ya kuingia ni mia kadhaa za dola kwa gari, seti ya tairi inapita elfu moja, halafu kuna mafuta ya pikapu inayovuta trela, hoteli na kula. Hizi Miata zenyewe ni gari za mtu wa kawaida. Kinachokumaliza ni barabara. Kutoka Georgia hadi Sebring, Florida, unavuta trela usiku kucha, asubuhi unashusha gari macho mekundu, na saa mbili wakaguzi wanakusubiri.

Sebring yenyewe ngoja niikalie kidogo. Ilikuwa uwanja wa ndege za kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sehemu ya njia mpaka leo ni mabamba ya zege ya enzi hizo. Gari ikivuka viungo vya zege, meno ya dereva yanagongana. Sasa Miata za zamani zina udhaifu ambao kila fundi anaujua: beringi ya mbele, ile inayokuja pamoja na habu yake, yaani kitovu kinachoshika gurudumu. Ikichoka, tairi inaanza kucheza, diski inasukuma pedi za breki zirudi nyuma, na dereva akifika konani anakanyaga pedali inazama. Kwa hiyo gari ikirudi tu, hata dereva hajavua helmeti, jeki inaingia. Nashika tairi juu na chini, nasukuma, navuta. Ikigonga hata kidogo, habu inatoka. Isipogonga, naweka kiganja juu ya springi na kuizungusha tairi kwa mkono wa pili. Springi inabeba mtetemo mpaka kwenye kiganja. Beringi ikiwa nzima, hutahisi chochote. Inayoelekea kufa unahisi kama kuna mchanga ndani. Tulikuwa tunatembea na habu za akiba kwenye ndoo, na Sebring ndoo ilikuwa inarudi nyepesi.

Baada ya hapo nati za tairi kwa spana ya kipimo, kutoa hewa kwenye breki, kupima upepo tairi zikiwa bado za moto. Upepo ni somo la pekee yake. Tairi ikipata joto upepo unapanda, kwa hiyo asubuhi unajaza kidogo kuliko unaoutaka, na kama jua limechomoza ghafla kabla ya mbio unakimbia na geji mkononi unapunguza tena. Dereva anaulizwa swali moja tu: mbele inateleza au nyuma? Akianza kukuhadithia kona zote 17, mpe maji anywe.

Kitu kingine cha SCCA ni mizani. Gari inapimwa pamoja na dereva wake, baada ya mbio, na ikipungua uzito wa chini unaotakiwa unafutwa hata kama umeshinda. Ndiyo maana ukitazama mwisho wa mbio utaona madereva wanaacha njia safi na kupita pembeni kwenye vipande vya mpira vilivyomeguka. Wanaviokota na tairi za moto ili wapate uzito kidogo. Ujanja huo unajulikana na kila mtu, wakaguzi wakiwemo. Kwenye Runoffs, fainali ya taifa, gari za mbele zinafunguliwa mpaka injini, na pale mkaguzi akikaa na vipimo vyake karibu na gari yako, usiku hauna usingizi hata kama huna cha kuficha.

Nyumbani kwetu ni Road Atlanta, kule Braselton, njia ya kilomita 4 na ushee iliyofunguliwa 1970. Ule mnyoofu wa nyuma ni mrefu na Miata haina nguvu, kwa hiyo gari mbili zikishikamana, ya nyuma bampa ikigusa bampa ya mbele, zote mbili zinakwenda kasi kuliko gari iliyo peke yake. Ya mbele inapasua upepo, ya nyuma inasukuma. Dereva akikosa rafiki wa kusukumana naye, anaachwa huku kakanyaga mafuta mpaka chini. Matokeo yake Jumamosi asubuhi utawakuta wapinzani wanakunywa kahawa pamoja wakipanga nani atamsukuma nani, na kwenye lapu ya mwisho makubaliano yote yanakufa. Matusi niliyoyasikia pale baada ya mbio siyaandiki humu, moderata atanifungia.

Tukija kwenye MX-5 Cup, wasimamizi ni IMSA, chombo cha mbio za kulipwa za magari ya spoti huku Marekani. Gari ni Miata mpya, injini ya lita 2 iliyopigwa lakiri, giaboksi ya Sadev ya gia sita unayovuta na kusukuma bila kutafuta mahali pa gia, na zote zinaundwa na karakana moja. Kuchokonoa injini hakuna. Mbio ni dakika 45, mara mbili kwa wikiendi, na mara nyingi mnakuwa wasindikizaji wa mbio kubwa: Januari Daytona wiki ya saa 24, Oktoba Road Atlanta wiki ya mbio ndefu za Petit Le Mans.

Tofauti kubwa niliyoikuta ni muda, wala siyo kasi. Kwenye ridhaa dereva anapata nafasi nyingi za kuzunguka, anakosea, anarudi, tunarekebisha, anatoka tena. Huku kwa wakubwa mazoezi ni mafupi, na sisi wasindikizaji tunapewa saa za ajabu, alfajiri au jioni, katikati hapo mnakaa tu. Dereva akitumia mazoezi ya kwanza kujifunza njia, wikiendi imeshaisha. Vijana wa timu kubwa wanakuja wakiwa wamezunguka njia hiyo kwenye simuleta wiki nzima, na wana mtu kazi yake ni kukaa na kompyuta kusoma breki imekanyagwa wapi na usukani umekatwa kiasi gani. Sisi mwenye kompyuta ndiye aliyekuwa anavuta trela.

Na ukutani hakuna msamaha. St. Petersburg, Florida, mbio zinapita mitaani na kwenye barabara ya kurukia ndege ya uwanja mdogo, pembeni kuta za zege. Dereva wetu alikosa breki kidogo tu wakati wa kupanga nafasi, tairi ya mbele kulia ikalala, mkono wa chini wa sasupensheni ukapinda. Sisi tulikuwa na mkono wa kushoto wa akiba, wa kulia hatukuwa nao. Fundi mkuu wa timu jirani, ambayo gari yao ilikuwa nafasi moja nyuma yetu kwenye pointi, akafungua droo akatoa wa kwake, akasema utarudishwa mpya. Tulifunga, tukapima uelekeo wa tairi kwa uzi na futi ya chuma kwenye sakafu ya hema, na gari ikaingia kwenye mbio. Jirani akatushinda. Mkono mpya tulimpelekea wiki iliyofuata.

Kama ni mimi na hela zangu, ningebaki SCCA. Kwa dola hiyo hiyo unapata kuendesha zaidi, unajifunza zaidi, na Jumapili jioni kuna mtu anachoma nyama. MX-5 Cup ni ya kijana anayetaka kuonwa na timu za juu, maana huko wapo watu wanaotazama. Mzee wa umri wangu hakuna anayemtazama.

Fundi anaambulia nini? Kwenye ridhaa mara nyingi ni chumba, chakula, na posho ya siku akipenda mwenye timu. Kwenye kulipwa unapatana kwa siku, na siku yenyewe haina mwisho. Ukigawa posho kwa saa ulizosimama, utaona gereji inalipa vizuri zaidi. Mafundi wanaoishi kwa kazi hii wanafuata timu kubwa nchi nzima na nyumbani wanaonekana kama wageni.

Kwa mliopo Marekani mnaotaka kuingia bila hela: nenda mbio za SCCA za mkoa wako ujitolee kwenye bendera. Watakufundisha, unasimama karibu na gari kuliko mwenye tiketi yoyote, na mchana unalishwa. Baada ya wikiendi chache utakuwa unajua timu ipi imepungukiwa mikono, na wao watakuwa wanakujua sura.

Na yule aliyeuliza kuhusu Eunos Roadster aliyoiona inauzwa Dar: ndiyo, ni Miata hiyo hiyo, jina la soko la Japani. Kabla hujalipa, fungua boneti utazame radieta. Vichwa vya plastiki juu na chini vikiwa vimeshabadilika kutoka weusi kuwa kahawia, hesabu radieta mpya na mipira ya maji kwenye bei, maana ile itapasuka. Halafu nyanyua magurudumu ya mbele, mkono kwenye springi, uzungushe.