Pampu ya vakyumu ya bei nafuu kwa vipande vidogo vya faiba: angalia nini kabla ya kununua

Mkuu, umeuliza utumie kompresa ya friji mbovu au ununue pampu ya mafundi wa AC, ili ubane mikono ya droni na vifuniko vidogo vya kaboni faiba ndani ya mfuko ulionyonywa hewa, hadi resini (gundi ya maji inayoganda, kama epoksi) ikauke. Zote mbili zinafaa. Kinachozitofautisha ni muda zinaoweza kufanya kazi bila kupumzika, na epoksi ya kawaida hudai saa 6 hadi 8 ikiwa imebanwa na mvuto wa pampu.

Kwanza puuza namba ya mvuto iliyoandikwa kwenye boksi. Pampu ya hatua moja huandikwa Pa 5 (paskali, yaani shinikizo la hewa linalobaki ndani), ya hatua mbili (pampu mbili zinazofuatana ndani ya moja) huandikwa chini ya hapo na bei inapanda. Hewa ya usawa wa bahari ina Pa 101,325, na kinachokandamiza mfuko ni tofauti kati ya nje na ndani. Hizo Pa chache hazimsaidii mtu wa faiba, zinamsaidia fundi wa AC anayekausha unyevu kwenye mabomba. Ukifikisha -0.8 bari kwenye geji (yaani bari 0.8 chini ya hewa ya nje), kipande cha sentimita 20 kwa 30 kinabanwa na uzito wa karibu kilo 490. Kama uko mwinuko wa mita 1,500, geji haitapita -0.85 hivi hata ufanyeje. Usiirudishe pampu ukidhani ni mbovu.

Kasi ya kunyonya nayo isikutishe. Mfuko mdogo pamoja na chungu cha kudakia resini havizidi lita 5, na pampu ya lita 40 kwa dakika inavimaliza chini ya dakika moja. Anayetafuta pampu kubwa zaidi ya hapo mara nyingi anaficha mfuko unaovuja.

Kompresa ya friji inafika -0.85 au zaidi na haina kelele. Kasoro yake ni joto: ndani ya friji hupoozwa na gesi baridi inayorudi, kwenye mfuko haipati gesi hiyo, kwa hiyo ikiachwa mfululizo inachemka hadi kinga yake inakata umeme. Iwekee tangi la akiba na swichi ya vakyumu, iwake mvuto ukilegea hadi -0.7 na izime ukifika -0.8. Isimamishe wima. Mdomo wa kutolea hewa hutema oili, uelekeze kwenye chupa iliyo wazi juu, na oili hiyo uirudishe kupitia bomba la kunyonyea. Kati ya mabomba matatu, lile fupi la kujazia gesi ulizibe. Gesi itolewe na fundi kabla hujakata chochote. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a ambayo inawaka, kwa hiyo kata kwa kikata bomba, usitumie moto.

Pampu ya AC ya hatua moja ndiyo ningeichagua kama bajeti inaruhusu. Inavumilia saa nyingi, ila inataka mfuko usiovuja: hewa ikipita muda wote inatoa moshi wa oili na oili inapungua. Moshi huo utoe nje ya chumba kwa mpira. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia unyevu, ibadilishe. Weka vali ya njia moja kati ya pampu na chungu, maana umeme ukikatika oili inaweza kurudi kuelekea kwenye kazi yako. Chungu chenyewe usikiruke. Resini ikiingia kwenye pampu ikagandia humo, pampu imekwisha. Tumia chombo cha chuma kizito, si chupa ya kioo.

Mashine ya kufyonza vumbi iache: mvuto wake ni mdogo na mota yake inapoozwa na hewa inayopita, ukiziba inaungua. Venturi (kifaa kidogo kinachovuta kwa kupitishiwa hewa ya kompresa) inafanya kazi vizuri, lakini inakula hewa ya kompresa bila kukoma.

Sasa pesa iliyobaki ipeleke kwenye utepe mzuri wa kuzibia, geji ya -1 hadi 0 na mpira mgumu usiojikunja (wa silikoni mwembamba unajibana na kuziba). Jaribu mfuko mkavu kabla ya kuchanganya resini: vuta, funga vali, zima pampu. Kwa faiba iliyopakwa resini kwa mkono, kushuka kutoka -0.85 hadi -0.80 ndani ya dakika 10 kunavumilika. Kwa kuvuta resini ipite kwenye faiba kavu, sindano isisogee kwa dakika 15, la sivyo utapata mistari ya vipovu. Uvujaji mara nyingi uko kwenye mikunjo ya pembeni na pale mpira unapoingia.

Mvuto mwingi si faida kila mahali. Resini ya poliesta ina staireni (kimiminika kinachogeuka mvuke upesi), na ukiivuta hadi karibu na mwisho staireni inachemka ndani ya kazi na kuacha matundu, ishia -0.7 hadi -0.8. Bawa lenye povu jeupe la EPS litabonyea, anza na -0.3 na usipite -0.5 bila kujaribu kipande cha taka. Kupunguza ni rahisi: weka vali ndogo ya sindano ya kuingiza hewa ya nje kwenye njia ya hewa, upande wa pampu, uifungue kidogo kidogo ukitazama geji. Kwa pampu ya AC punguza kwa swichi ya vakyumu badala ya vali hiyo, vinginevyo itakuwa inafuka moshi usiku kucha.