Unguja mpaka Wete: masafa ni mafupi, safari ndiyo ndefu

Waalaykumu salaam. Umeuliza Unguja mjini mpaka Wete ni masafa gani, na mbona ramani ya simu inakataa kukupa njia ya gari. Simu haikukosea. Wete iko Pemba, na baina ya Unguja na Pemba kuna bahari ya karibu kilomita 50, na daraja hakuna.

Kwa ndege, uwanja wa Kisauni hapa Unguja mpaka uwanja wa Wawi huko Pemba ni kilomita 120 na ushei, nusu saa tu hewani. Hujakaa vizuri unaona mikarafuu chini. Lakini Wawi iko Chake Chake, mji mwengine wa Pemba, si Wete; bado una safari ya gari.

Kwa boti, bandari ya Malindi hapa Unguja mjini mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, ni kama kilomita 100. Boti za kasi huchukua saa mbili u nusu hadi tatu. Meli zinazobeba magari ni mara mbili ya hapo. Ukishuka Mkoani unabakiwa na kilomita kama 60 za vilima na kona, unapitia Chake. Gari ya kukodi saa moja na kitu. Daladala usiiwekee saa, hasa msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa kando ya njia na kila abiria ana pakacha lake.

Sasa nikupe yaliyonikuta. Ami yangu alifariki Wete, habari ikanifika baada ya sala ya alfajiri, maziko adhuhuri. Nikakimbilia Malindi, boti ya saa moja nikakuta geti limefungwa. Nikasema hewala, ndege itanifikisha kabla ya waliopanda boti. Nikapata kiti cha saa nne. Ndege yenyewe ndogo, abiria kumi na mbili, begi tumepimiwa kilo 15, na rubani anasubiri watu wawili ambao hawajatokea. Tukaruka saa tano. Nusu saa tuko Wawi, nikatafuta teksi, nikafika Wete jeneza linatolewa nje. Binamu yangu aliyeiwahi ile boti yuko pale tangu saa tano, keshabadilisha kanzu, ananiuliza nimepita wapi.

Kwa hivyo usihesabu nusu saa ya hewani. Hesabu kutoka mlangoni kwako. Ukiondoka asubuhi, boti na ndege zinapishana kidogo sana, na nauli hazifanani hata kidogo.

Kitu kimoja tu kinanifanya nipande ndege kwa hiari: kusi, yaani upepo wa kusini. Juni mpaka Agosti, ukishaiacha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari inachafuka na boti nzima inanyamaza, mifuko ya kutapikia inapita. Meli ya MV Spice Islander ilizama upande huo Septemba 10, 2011, na mpaka leo wazee wetu wakifika hapo huanza kusoma dua. Disemba na Januari sijali sana.

Wewe umesema unakwenda Februari, na mzigo. Panda boti ya asubuhi, kaa nyuma, chumba cha chini, na usinywe chai ya maziwa kabla.