Jibu: Nimeambiwa nina PCOS, nitazaa kweli?

Shoga pole mwaya. Unasema utrasaundi imeonyesha PCOS (homoni kuvurugika na ovari kuwa na vifuko vingi vidogo), hedhi inaruka miezi mitatu na wifi ashaanza maneno eti huna kizazi. Kizazi unacho, shida ni yai halipevuki na kutoka kila mwezi.

Mimi niko hapa Ngamiani, Tanga, niliambiwa hivyohivyo nikalia mpaka macho yakavimba. Kabla ya kununua huo unga wa kusafisha kizazi (unasafisha nini hasa, sijawahi kuelewa) anza na vipimo vya damu: homoni za thairodi (tezi ya shingoni), prolaktini (homoni ya maziwa) na sukari, maana hivyo vikiyumba hedhi nayo inavurugika, utrasaundi peke yake haitoshi. Na mumeo apime mbegu mapema. Wangu alinuna wiki nzima ila akaenda.

Nilipunguza kama kilo 6, mahamri na chai ya sukari nikavipa talaka, jioni natembea mpaka Raskazone, hedhi ikaanza kurudi yenyewe. Halafu daktari wa kina mama akanipa letrozoli, dawa ya kuchochea yai lipevuke, ya siku 5 huku ananifuatilia kwa utrasaundi, raundi ya tatu mimba ikashika. Kama ni dawa au ni zile kilo sijui mpaka leo. Usiinunue kimyakimya dukani, yanaweza kutoka mayai zaidi ya moja ukapata mapacha bila kujiandaa.

Hiyo miezi 3 bila hedhi usiizoee, mwambie daktari, ukuta wa ndani wa kizazi unazidi kunenepa.

Umri hujataja lakini, una miaka mingapi? Kama umefika 35 usisubiri.