Siku hizi huimbi bafuni

Wa kwanza kuniona hakuwa mume wangu, wala bosi, wala mama anayenipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Ni binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Alikuwa anapiga pasi sare za mtoto, akasema bila hata kuinua macho: "Mama, siku hizi huimbi bafuni."

Nikacheka, nikasingizia maji ya baridi. Ilikuwa Aprili, na Aprili kwa mkaguzi wa hesabu si mwezi wa kuimba. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba na ritani ya mwisho ya kodi inatakiwa TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya miezi sita, kwa hiyo Januari mpaka Juni sisi tunalala majumbani lakini tunaishi ofisini. Nilikuwa na wateja saba, vijana wanne chini yangu, na juu ya hayo nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Hakuna faili lililochelewa. Hakuna mchango uliopotea. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimepandishwa cheo. Mama aliposikia alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nikaweka spika, nikawa naitikia "amina mama, asante mama" huku najibu barua pepe. Sikuhisi kitu. Haikuwa huzuni, maana huzuni naijua. Ilikuwa kama kula pilau una mafua: unajua ni pilau, unatafuna, unameza, basi.

Mwili ndio uliolalamika. Kichwa, tumbo, mabega kama nimebeba magunia. Usingizi ulikuja vizuri tu, ila saa tisa usiku macho yanafunguka na hayafungi tena. Nikaenda kupima. Malaria hakuna, taifodi "ipo kidogo". (Sijakutana na mtu mzima Dar es Salaam ambaye hajawahi kuambiwa ana taifodi kidogo.) Nikameza dozi, nikarudi, nikapewa dozi nyingine, kisha za vidonda vya tumbo. Safari ya tatu nilimkuta daktari kijana, akaacha kuandika, akaniuliza mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini. Nikaanza kumtajia: nimemaliza ukaguzi wa fulani, nimepanda cheo, nimelipa ada ya mdogo wangu.

"Dada, nimekuuliza ulichofurahia. Umenitajia ulichomaliza."

Akaagiza damu ipimwe kwanza, wingi wake na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea vinaweza kumchosha mtu kwa namna hiyohiyo. Majibu yakawa safi. Ndipo akanipa karatasi ya maswali tisa. Inaitwa PHQ-9, ilitolewa mwaka 2001, na ipo kwa Kiswahili. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na ukifika 10 daktari anakaa sawa kwenye kiti. Nilipata 16. Akasema hiyo ni sonona, ile ambayo Waingereza huiita depression.

Kilichonishtua zaidi si ile 16. Chini ya karatasi kuna swali la kumi ambalo halina alama: je, matatizo haya yamekupa ugumu kiasi gani kazini, nyumbani na kwa watu? Nilikuwa nimeweka tiki bila kufikiri: hakuna ugumu.

Mimi wa kuweka tiki hiyo! Kazi yangu ni kutoamini daftari. Daftari linaweza kufunga mpaka senti ya mwisho na kasha likawa tupu, ndiyo maana mkaguzi haishii kwenye makaratasi. Anaomba ufunguo, anahesabu noti moja moja mbele ya mtunza fedha. Kwa nafsi yangu niliishia kwenye makaratasi. Nikasema kazi inakwenda, basi mimi ni mzima.

Hili ndilo ningependa ulichukue kama wewe ni yule ambaye ukoo mzima unamtegemea. Usijipime kwa kazi. Kwa watu wa aina yetu kazi ndiyo huanguka mwisho, kwa sababu kazi ina tarehe, ina bosi na ina mshahara wa kukusukuma. Angalia vitu visivyo na msukumo wowote. Kuimba. Kumpigia rafiki bila shida yoyote. Kumtania mwenzako. Ule mchuzi uliokuwa ukiufuata mpaka Kariakoo. Vikifa hivyo, kimoja baada ya kingine, na wewe ripoti zako zinatoka kwa wakati, kasha linaibiwa.

Dalili nyingine naisema kwa aibu. Nilianza kutamani kuugua. Si kufa, kulazwa tu, wiki mbili, drip mkononi, watu waniletee uji na mtu asiniulize faili. Nikiwa kwenye foleni ya Ubungo nilikuwa nikiwaza ajali ndogo ingetosha. Swali la tisa kwenye ile karatasi linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru, na niliandika sifuri kwa sababu niliona yangu "hayahesabiki". Yanahesabika. Mwambie daktari, tena kwa maneno hayohayo. Wengine hunyamaza wakiogopa polisi: Tanzania jaribio la kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, wakati Kenya Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Lakini kumweleza daktari unachowaza si kosa. Na kama mawazo yameshafika kwenye namna na siku, usibaki peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu akupeleke hospitali, idara ya dharura, sasa hivi.

Lugha yetu nayo inatusaidia kujificha. Hujambo? Sijambo. Za kazi? Nzuri. Jibu limeshapangwa kabla hujaulizwa, na anayejibu tofauti anaonekana hana adabu. Mimi nilichagua mtu mmoja, dada yangu, nikamwambia: ukinisalimia mara ya kwanza nitasema nzuri, niulize tena. Yeye alitaka tuombe, tukaomba, na Jumatatu akanisindikiza kliniki. Sioni kwa nini watu wanalazimishwa kuchagua kati ya hivyo viwili. Kuhusu Mirembe, jina la hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ambalo tumeligeuza tusi, nilikuwa na hofu hiyo pia. Matibabu yangu yalikuwa chumba chenye viti viwili na feni inayopiga kelele.

Nilipewa fluoksetini, dawa ya sonona. Wiki mbili za mwanzo nilipata kichefuchefu tu, na nilikaribia kuziacha. Nafuu ilianza kuonekana wiki ya tano, kwa hiyo usizihukumu mapema, na usizikatishe ghafla ukijisikia vizuri. Mshauri naye alinipa kazi ya nyumbani: jedwali la saa za siku, na mbele ya kila saa alama ya furaha, 0 hadi 10. Nikalipenda, bila shaka, nikalichora kwenye Excel na rangi. Akalitazama, akaniuliza kwa nini "mapumziko" ya Jumamosi yana mkutano wa kamati ndani yake. Akaniagiza nitafute jambo moja nisiloliweza, nilifanye vibaya kila wiki, bila kumwonyesha mtu. Najifunza kuogelea. Naogelea kama mbuzi.

Ofisini sikueleza yote. Nilisema natibiwa, na Ijumaa asubuhi sitakuwepo. Bosi akasema sawa. Miezi yote ile niliyoiogopa sentensi hiyo, ikaisha kwa "sawa".

Uweka hazina niliukabidhi kwa shemeji. Wiki iliyofuata akatuma mchanganuo kwenye grupu la harusi, na nikaona mara moja kwamba jumla imezidi kwa shilingi elfu kumi na tano. Kidole kilikuwa tayari kwenye kibodi. Nikazima simu, nikaiweka kabatini chini ya mashuka, nikaenda kulala.