Barua kwa mwanangu: anza na karatasi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umemaliza shahada ya biashara, unauliza: ukope fedha ukasome uzamili wa biashara ya kimataifa Uingereza, au uanze na cheti cha uwakala wa forodha hapa nyumbani? Swali hili nimelala nalo siku tatu, maana deni utalilipa wewe.

Anza na cheti. Sababu yangu ni faili moja la ufuta.

Ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa karani kwa wakala wa forodha Dar es Salaam, na mzee mmoja wa Lindi alikuwa ameuza kontena la ufuta Qingdao, China. Malipo yalikuwa kwa LC, yaani benki ya mnunuzi imeahidi kulipa muuzaji akileta hati zinazolingana na masharti. LC ilitaja magunia 380 ya kilo 50, tena ikakataza mzigo kwenda kwa mafungu. Magunia manne yalilowa, tukayaacha ghalani. Tukapakia 376, na hati zote tukaandika kweli tupu: 376.

Benki ikakataa.

Nilikuwa na shahada yangu, mwanangu, na sikuelewa tumekosea wapi. Kanuni za UCP 600, ambazo benki duniani huzifuata kwenye LC tangu Julai 2007, zinaruhusu kiasi kipungue au kizidi kwa asilimia 5, ila si pale LC inapotaja idadi ya vifungashio. Ingeandikwa tani 19 tu, magunia yale manne yasingemgusa mtu. Neno magunia ndilo lililotufunga. Bei ya ufuta ilikuwa imeshuka, mnunuzi akadai punguzo ndipo azikubali hati, na yule mzee akakubali kwa kuwa meli ilikuwa baharini. Hakunisema. Lakini LC ile ilipita mezani kwangu wiki tatu kabla, na nafasi ya kuomba irekebishwe ilikuwepo.

Benki haifungui kontena kuonja ufuta. Inasoma karatasi, kwa siku zisizozidi 5 za kazi, basi.

Na usiniambie Incoterms, yale masharti ya kimataifa ya nani analipa nini na nani anabeba hasara, unazijua kwa kuwa umekariri masharti 11 ya toleo la 2020. Ukiuza kwa CIF Qingdao, yaani bei yenye bima na nauli ndani yake, nauli unalipa wewe hadi Qingdao. Mzigo ukizama njiani, hasara ya nani? Wengi hujibu ya muuzaji. Ni ya mnunuzi, tangu mzigo ulipoingia melini Dar es Salaam. Ndiyo maana bima unayomkatia inamlinda yeye.

Nenda Chuo cha Kodi, Mikocheni, ukaulize cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha. Pita pia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Popote utakapofika, uliza kama mwanafunzi atapewa LC nzima na hati zake atafute makosa. Wakisita, ondoka. Fanya kazi miaka miwili bandarini au benki kwenye dawati la LC. Uzamili siudharau hata kidogo. Nataka uende ukiwa na maswali yako mwenyewe, na huenda mwajiri akachangia ada.

Nakala ya faili la ufuta ninayo hadi leo. Ukija Desemba nitakuwekea mezani bila kukuonyesha kosa jingine lililomo kwenye hati ya shehena. Utafute wewe.

Mama yako