Kama retingi yako ya sataranji imekwama, acha kwanza gemu za dakika tatu

Wachezaji wengi wa Nairobi hujifunzia sataranji kwenye simu, na karibu wote hucheza gemu za dakika tatu, kumi kwa mkupuo, hadi betri iishe. Baada ya mwaka wanauliza mbona retingi, ile namba ya kiwango chao, iko palepale. Kwenye dakika tatu unatumia tu yale unayoyajua tayari, basi makosa yako yanarudi kila siku na unayazoea.

Cheza gemu ndefu mbili kila wiki: dakika 60 kwa kila mchezaji, au 45 na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua. Ukikosa mtu wa kukaa naye ubaoni, tovuti ya Lichess ni bure na unaweza kupanga muda huo. Andika hatua zako kwa mkono hata kama programu inakuwekea, kwa sababu kwenye mashindano ya gemu ndefu ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kuandika ni sheria. Kukiwa na nyongeza ya sekunde 30, unaandika hadi mwisho hata kama saa yako imebaki na dakika moja. Asiyezoea hujikuta akihangaika na kalamu pale hasa anapotakiwa kuhesabu.

Gemu ikiisha, usifungue injini, ile programu inayokuhesabia hatua bora. Hapa ndipo watu huharibu kila kitu. Ukianza na injini utaona umetoka mbele ukawa nyuma kwa pointi mbili, utatikisa kichwa, utafunga programu, na kesho utarudia lile lile. Injini inakuonyesha hatua bora, lakini haijui kwa nini hukuifikiria. Chukua karatasi yako na utie alama mahali patatu: ulipotumia muda mwingi zaidi, ulipoduwazwa na jibu la mpinzani, na unapodhani mambo yaligeuka. Andika ulichokuwa unawaza wakati huo, hata kama ni aibu. Baada ya hapo washa injini ulinganishe. Katika daftari weka sababu ya kila kosa kwa maneno machache: sikuona sheki (shambulio kwa mfalme), niliacha kete bila ulinzi, nilihesabu nikasimama mapema, sikuijua tamati hii (mwisho wa gemu, kete zikiwa chache). Gemu zikifika ishirini hivi utaona sababu moja imejirudia kuliko nyingine. Hiyo ndiyo kazi yako ya miezi miwili ijayo, haijalishi rafiki yako anasoma nini.

Kwa wengi wenye retingi chini ya 1600, sababu hiyo ni kete zisizo na ulinzi. Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: kabla ya kugusa kete, pitia sheki zote, kula kote na vitisho vyote, vyako na vya mpinzani. Kosa la kawaida ni kupitia vyako pekee. Na ukumbi wa mashindano hausamehe, maana ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza lazima uicheze, mradi ina hatua halali.

Mafumbo 15 kwa siku yanatosha, ukikataa kubahatisha. Usisogeze chochote hadi uwe umeona jibu gumu kabisa la mpinzani na lako baada ya hilo. Foleni ya Thika Road inakupa muda huo asubuhi na jioni, ila ukae dirishani na uwe macho na simu yako. Mafumbo mepesi yarudie yale yale hadi uyatambue kwa sekunde chache. Farasi anayeshambulia mfalme na ngome kwa pamoja unatakiwa umwone bila kufikiri.

Ufunguzi nitaupita haraka, kwa sababu tayari watu huupa muda kuliko inavyostahili. Chagua mmoja kwa weupe na miwili kwa weusi: mmoja dhidi ya e4, mwingine dhidi ya d4, yaani mpinzani akianza kwa kusogeza kitunda (kete ndogo ya mbele) hadi mraba huo; herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo. Jifunze hatua nane za kila mmoja na sababu ya kila hatua. Ule mtego wa kumwahisha malkia wako hadi f7 ili umalize gemu mapema unawashinda watoto wa shule ya msingi tu. Mchezaji aliyekomaa ataujibu kwa kutoa farasi huku akimfukuza malkia wako.

Muda uliookoa hapo uweke kwenye tamati. Anza na mfalme na kitunda dhidi ya mfalme. Weka mfalme mweupe e5, kitunda e4, mfalme mweusi e7. Ikiwa ni zamu ya mweupe, ni sare; ikiwa ni zamu ya mweusi, mweupe anashinda. Sasa sogeza vyote mbele kwa mraba mmoja: mfalme e6, kitunda e5, mweusi e8. Hapo mweupe anashinda hata zamu iwe ya nani. Kaa na mwenzako mbadilishane pande hadi kila mmoja aweze kueleza tofauti hiyo.

Ukimaliza, nenda kwenye ngome, kwa kuwa tamati za ngome ndizo hutokea zaidi. Mfalme mweupe g8, kitunda g7, ngome f1. Mfalme mweusi e7, ngome h2. Wewe ni mweupe na ni zamu yako: ngome iende e1 kumpa sheki, akienda d7 weka ngome yako e4. Sasa mfalme wako anatoka f7, g6, f6, g5 huku akipigwa sheki, na akifika g5 ngome yako inaingia g4 kumkinga. Asiyeijua mbinu hii hutoa mfalme mapema bila ngome kuwa e4, na sheki haziishi.

Ukijiona tayari, fuatilia ratiba ya Chess Kenya, shirikisho la sataranji nchini. Retingi ya kwanza ya FIDE inahitaji angalau gemu tano dhidi ya wenye retingi, na tangu 2024 orodha haimchukui aliye chini ya 1400. Simu izime kabisa uiache nje ya ukumbi. Ujumbe wa M-Pesa ukilia mfukoni unaweza kukupotezea gemu uliyokuwa unaishinda. Hatua isiyo halali mara ya kwanza humpa mpinzani dakika mbili, mara ya pili umeshindwa.

Katika gemu 30 za kwanza, kumshinda mwenye retingi sawa na yako kunakupa pointi 20, na kushindwa kunakunyang'anya 20. Baadaye, kwa mtu mzima, zinakuwa 10. Kwa hiyo usijiandikishe hadi uwe umezoea kukaa ubaoni saa mbili bila kusimama kila dakika tano.