Maswali ya Wasomaji: Noti Moja, Sauti Mbili

SWALI: Mimi napiga gitaa na rafiki yangu anapuliza filimbi. Tukipiga noti moja, programu ya kupimia noti iliyomo kwenye simu inatuonyesha sote wawili 440, lakini hata mtu asiyejua muziki, tena akiwa amefumba macho, hakosei kutaja ipi ni filimbi na ipi ni gitaa. Ikiwa mitetemo inalingana, tofauti hiyo inatoka wapi?

JIBU: Programu yako haikudanganyi, ila inakueleza sehemu ndogo tu ya yaliyomo katika sauti hizo mbili. Namba 440, ambayo Shirika la Kimataifa la Viwango liliithibitisha mwaka 1975 kuwa kipimo cha noti A iliyo juu ya C ya kati, inamaanisha kwamba hewa inayofika kwenye sikio lako inagandamizwa na kuachiwa mara 440 kila sekunde. Haisemi lolote kuhusu namna mgandamizo huo unavyopanda na kushuka ndani ya kila mzunguko, na humo ndimo filimbi na gitaa zinapoachana njia.

Uzi wa gitaa hautetemeki kwa namna moja tu. Unapouchuna, unatetemeka wote kutoka ncha hadi ncha, na wakati huohuo unatetemeka kama nusu mbili, kama theluthi tatu, kama robo nne, na kuendelea. Kwa hiyo noti ya 440 hubeba ndani yake pia 880, 1320, 1760 na nyinginezo zilizo juu zaidi, kila moja kwa nguvu yake. Unaweza kulithibitisha jambo hili sasa hivi. Chuna uzi wowote ulio wazi, yaani usiobonyezwa, kisha uguse kwa ncha ya kidole, bila kuukandamiza, juu kabisa ya freti (kile kipande cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya 12, ambayo iko katikati ya uzi, na uondoe kidole mara moja. Sauti ya msingi, yaani ile ya uzi unaotetemeka wote, itakatika, lakini uzi hautanyamaza: utasikia sauti nyembamba iliyo oktava moja juu, yaani yenye mitetemo mara 2. Sauti hiyo haikuletwa na kidole, bali ilikuwamo tangu ulipochuna. Kidole kimezima mitetemo inayohitaji katikati ya uzi isogee, kikaiacha ile ambayo sehemu hiyo hutulia.

Hata mahali unapochuna panabadilisha mchanganyiko. Ukichuna karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, sauti za juu hupata nguvu zaidi na gitaa hulia kwa ukali. Ukichuna katikati ya uzi, zile zenye utulivu mahali hapo, yaani 880, 1760 na wenzao, karibu hazipati nguvu yoyote, na sauti huwa laini. Programu yako itaendelea kuonyesha 440 katika hali zote mbili.

Katika filimbi kinachotetemeka ni hewa iliyomo ndani ya bomba lililo wazi pande zote mbili. Hiyo nayo ina sauti za juu zilezile, lakini ikipulizwa kwa upole sauti ya msingi huzipita nyingine kwa mbali, na ndiyo sababu tunaisikia kuwa safi na tulivu. Klarineti, ala nyingine ya kupulizwa, ni kisa kingine, na kwa maoni yangu ndicho cha kuvutia kuliko vyote: bomba lake hufanya kazi kana kwamba limezibwa upande wa mdomo, kwa hiyo katika noti zake za chini sauti zinazotawala ni za mara 1, mara 3, mara 5, huku zile za mara 2 na mara 4 zikififia. Mpulizaji wa filimbi akizidisha nguvu, noti huruka oktava moja. Wa klarineti, noti yake huruka hadi mara 3 ya mitetemo ya mwanzo.

Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, alizitenga sauti hizi kwa kutumia matufe matupu yenye tundu dogo la kuweka sikioni, kila tufe likiitikia mtetemo mmoja tu. Hata hivyo orodha ya sauti na nguvu zake haimalizi jambo. Chukua rekodi ya piano na uicheze kinyumenyume: mitetemo iliyomo ni ileile, lakini sikio litadhani linasikia kinanda cha mivukuto, kwa sababu pigo la nyundo, ambalo huja kwanza na kufuatiwa na sauti inayofifia taratibu, sasa limepelekwa mwisho. Katika swali lako pia, ule mkwaruzo mfupi wa kidole kwenye uzi na ule mvumo wa pumzi kwenye filimbi humsaidia sana aliyefumba macho kabla noti yenyewe haijatulia.

SWALI: Tunatia sawa ala zetu kabla ya mazoezi, lakini ukumbi ukishapata joto tarumbeta inapanda na gitaa linashuka. Kwa nini joto moja lifanye mambo mawili yanayopingana?

JIBU: Kwa sababu linagusa vitu viwili tofauti. Katika nyuzijoto 20 sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ya joto huongeza kama mita 0.6. Urefu wa bomba la tarumbeta haubadiliki kwa kiasi cha kutajika, kwa hiyo mawimbi yanayokwenda na kurudi ndani yake humaliza safari mapema, na noti hupanda. Hewa yote iliyomo ndani ikipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 30, noti ya 440 itafika karibu 447. Uzi wa chuma, kwa upande wake, hutanuka ukipata joto, mkazo wake hupungua, na noti hushuka.

Dawa yake ni kupasha ala moto kwanza, ndipo mtiane sawa. Mkipiga noti moja pamoja mtasikia sauti ikivimba na kunywea. Ikivimba mara 2 kwa sekunde, tofauti yenu ni mitetemo 2, kwa mfano 440 na 442. Mpiga tarumbeta avute nje kidogo bomba lake la kurekebishia, wewe ukaze uzi, hadi mavimbe hayo yapotee. Kama kuna piano, yeye ndiye wa kufuatwa, kwa kuwa nyuzi zake ni zaidi ya 200 na hakuna atakayezikaza zote kati ya wimbo mmoja na mwingine.